Sababu ya Kudisko

Kabla birika la chai halijachemka, Mizani ilikuwa imeshawapangia vyuo wanafunzi laki sita. Mashine hiyo ilijumlisha alama za kila mmoja, ikawapanga kwenye mstari mmoja, na wenye jumla kubwa ikawapeleka Chuo cha Uhandisi wa Roboti, kilichotamaniwa kuliko vyote Dodoma. Kila somo lilihesabiwa sawa na jingine. Sheria hiyo aliitunga Mhandisi Namsifu Kileo, tena kwa nia njema: shule nyingi hazikuwa na maabara, kwa nini watoto wao wafungiwe mlango kwa kukosa fizikia?

Mwaka wa saba wa sheria yake, aliitwa chuoni kusikiliza wanaodisko, yaani wanaoondolewa kwa kufeli. Mbele yake aliketi Lwitiko Mwaipopo, aliyeingia na jumla kubwa kuliko wote wa kanda yake.

"Fizikia uliiacha lini?"

"Kidato cha pili, mama."

"Ilikushinda?"

"Hapana! Niliipenda hasa. Nilishaunda hata redio." Akatabasamu kidogo. "Ila kila muhula mwalimu wa taaluma alifungua Mizani kuona somo gani linashusha jumla. Fizikia nilikuwa na B. Akaniambia, 'Wewe Lwitiko, usituharibie shule. Chukua masomo ya kubeba A.' Nikazibeba."

"Walibaki wangapi kwenye fizikia?"

"Hakubaki mtu. Maabara tukaigeuza stoo ya viti."

Namsifu akahisi uso unamchoma. Kumbe maabara ilikuwepo.

Mizani, iliyokuwa ikijaza fomu kwenye skrini ya mezani, ikauliza kwa sauti yake ya upole sababu ya kufeli: ugonjwa, msiba au uzembe?

"Uzembe," Lwitiko akajibu upesi. "Nisamehe, mama. Nimewaangusha."

Namsifu akainamisha macho. Miaka yote alilisoma neno hilo kwenye takwimu, na mara tatu aliandika ripoti kwamba vijana wa siku hizi hawajitumi.

"Futa," akaiambia mashine. "Sababu ni sheria ya Namsifu Kileo."

"Sababu hiyo haimo kwenye orodha. Tafadhali chagua tena."

Orodha nayo aliitunga yeye. Akarudia jina lake. Mashine ikajibu vilevile.

"Iache tu, mama," Lwitiko akamwambia taratibu, kama anayemfariji mfiwa. "Sema uzembe. Basi la Tukuyu linaondoka saa nane, na mizigo bado sijafunga."