Nilivunja Chungu Nikimtafuta Mama

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na tisa na mkono wangu wa kushoto umebaki na vidole viwili. Naishi Buhongwa, Mwanza. Jina langu Doto, ila mkiniona mtaniita Mchina, kama nilivyoitwa tangu utotoni. Leo nasema yote. Anayetaka kunitukana anitukane, nastahili!

Mama Monika, Msukuma, alinilea pamoja na mwanawe wa kumzaa, Kulwa. Majina ya mapacha, na tulilelewa kipacha kweli: Kulwa akinunuliwa shati, nami nanunuliwa. Watu walicheka, mapacha gani hawa, mmoja mweusi tii, mwingine macho kama kasinzia? Nilipigana sana shuleni kwa maneno hayo. Nilijua sikuzaliwa na mama yule, ila kila nikiuliza nilizaliwa na nani, jibu lilikuwa, "Kula ushibe, baba."

Mwaka juzi nikapata kibarua kiwanda cha minofu ya samaki. Fundi wa majokofu alikuwa Mfilipino, Danilo. Siku ya kwanza tu alinisemesha kwa lugha ya kwao! Nilipomkodolea macho, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba uso wangu ni wa kwao kabisa.

Jamani! Nilirudi nyumbani nikambana mama. Akalia, akakiri. Mama yangu mzazi alikuwa muuguzi kutoka Ufilipino, akifanya kazi zahanati ya misheni. Alinizaa bila ndoa, akaniacha kwake, akarudi kwao. Aliacha na barua. Lakini mama akasema nitapewa siku nitakayooa.

Siku nitakayooa! Kwani barua ni mahari? Danilo alinifundisha wanavyomwita mama kwao: nanay. Nikawa natembea nalitamka peke yangu kama chizi, nanay, nanay... Huku yule aliyenilea nikimsusia chakula chake. Nilimwita mwizi wa watoto, mchana kweupe, majirani wakisikia.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na chungu kilichofukiwa, mdomo wake umefunikwa kigae. Tulikatazwa kukigusa. Mama alikuwa akimwaga maziwa kidogo pale, halafu anarudi ndani. Siku moja nilipombana tena kuhusu barua, macho yake yalikimbilia kule. Nikajisemea, ahaa, kumbe ndiko ulikoificha!

Jumapili, wote wakiwa kanisani, nikachukua jembe. Pigo la tatu chungu kikapasuka...

Barua haikuwemo. Ilikuwemo mifupa midogo, midogo mno, na ushanga.

Nikiwa nimeduwaa, wakarudi. Kulwa alipoona, alipiga ukelele ambao bado ninao masikioni. "Umemvunja Doto! Umemvunja pacha wangu!" Doto si ndiye mimi? Kabla sijauliza alishashika panga. Nikakinga kwa mkono. Vidole vitatu vilianguka kwenye udongo, nami navitazama!

Damu ikanipanda kichwani. Nikanyanyua jembe kwa mkono mzima, nikalizungusha kwa nguvu zangu zote...

Mama alikuwa amejitupa katikati yetu. Lilimpata tayani na kichwani. Mimi ndiye niliyempiga, ndugu zangu. Mimi!

Hakufa. Ila upande mmoja wa mwili umelala, na hadi leo hajatamka neno. Polisi walipokuja wodini kumuuliza nani kamfanyia vile, alitikisa kichwa tu. Hakutaka kunionyesha.

Ndipo dada yake, mama mkubwa wa Kisesa, akaja na bahasha kifuani. Barua aliitunza yeye! Alinieleza kwa uchungu, hata kuniangalia hakutaka. Doto wa kweli alikufa mchanga na akazikwa kwenye chungu, kama mapacha walivyozikwa zamani; Kulwa aliambiwa, mimi nikafichwa. Wazee wakasema nafasi yake ikibaki wazi, Kulwa atamfuata. Wiki ileile nikaletwa mimi, nikapewa ziwa lililobaki ninyonye, na jina. Mama aliamini nikiondoka kabla sijaoa na kuwa na mji wangu, Kulwa atakufa. Kwa nini hakuniambia hivyo tu? Ningesubiri! Au najidanganya?

Kwa anwani iliyoandikwa kwenye barua ile, Danilo alimpata nanay. Tukaongea kwa simu ya video, Danilo akitafsiri. Nililia, akalia. Kisha akasema kwanza anataka amshukuru mwanamke aliyeninyonyesha, asikie sauti yake.

Nikamgeuzia mama simu. Midomo yake ikahangaika, ikahangaika... Mate yakachuruzika hadi kwenye kanga. Nanay akauliza mama amepatwa na nini. Danilo akanitazama, akisubiri jibu la kutafsiri. Nikakata simu.

Wazazi wenzangu wa kesho, mwambieni mtoto mapema, hata kama mnaogopa. Na wewe unayetafuta ulikotoka, tafuta, ni haki yako. Lakini ukishikwa na hasira ondoka hapo nyumbani, nenda hata ziwani ukayapige maji mawe. Usifanye kama mimi, nakusihi!

Kulwa anamlisha mama uji kwa kijiko, na mimi hanisemeshi. Nanay hupiga kila Jumapili. Swali lake la kwanza ni lilelile, na mama yupo pale pembeni, ananitazama.