Majivu ya Waya

Nyumbani kwa dada yangu, asubuhi ilianza na kikohozi. Kwanza alikohoa shemeji. Kisha akakohoa jirani wa upande wa pili wa ukuta. Kisha jogoo akawika. Dada alisema jogoo wetu ni mvivu, anasubiri watu wamwamshe.

Nilikwenda kukaa kwao Dada alipokaribia kujifungua. Mimi ni mdogo wake. Kazi yangu ilikuwa kupika, kufua na kutunza kuku. Kuku walikuwa kumi na wanne. Shemeji aliwanunua mmoja mmoja tangu Dada aliposhika mimba.

"Mke wangu hatanyonyesha kwa chai kavu," alisema.

Dada alikula mayai mawili kila siku. Mengine tuliwauzia majirani. Siku moja nilijipikia la kwangu, Shemeji akanikuta.

"Shemeji, na wewe unanyonyesha?"

"Nanyonyesha njaa yangu."

Alicheka mpaka akakohoa.

Shemeji ni mtu wa vyuma chakavu. Ananunua friji zilizokufa, televisheni zilizovunjika, nyaya za magari. Anavunja, anatoa shaba. Shaba hukaa ndani ya waya, na nje kuna ganda la plastiki. Mnunuzi wake hakutaka ganda. Alitaka shaba tupu.

Kwa hiyo nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo, hatua kumi kutoka jikoni. Shemeji alitupa nyaya humo. Aliongeza vipande vya sponji ya friji ili moto ushike, akawasha. Moshi ulitoka mweusi na mzito. Uliingia kwenye nguo, kwenye mito, hata kwenye unga. Sisi tulifunga dirisha la chumba cha mtoto, tukadhani tumemkinga.

Moto ukizima, shaba iliokotwa. Majivu yalibaki.

Hapa niseme kosa langu. Nilikolelewa, majivu hayatupwi. Yanasugua sufuria. Yanafukuza wadudu kwenye maharage. Kuku wanajigaragaza humo na chawa wanawatoka. Basi kila Jumamosi nilichota beseni moja la majivu ya shimo, nikayamwaga kwenye viota. Kuku walifurahi. Na mimi nikajiona mtu wa maana.

Mtoto alipotimiza wiki tatu, mhudumu wa afya wa mtaa wetu alikuja kumpima uzito. Ni mama mtu mzima, anatembea na mizani ndani ya mkoba. Alimtundika mtoto, akasoma namba, akatabasamu. Kisha akaniona napita na beseni.

"Majivu ya nini hayo, binti?"

"Ya kuku, mama. Yanaua chawa."

"Ni ya kuni?"

"Ya waya. Ya pale shimoni."

Tabasamu lilifutika usoni mwake. Alimshusha mtoto, akampa Dada, akaja mpaka nilipo.

"Weka chini. Taratibu, yasipeperuke. Kanawe kwa sabuni, urudi."

Niliporudi alikuwa anatazama kuku wakichakura kando ya shimo.

"Nani anakula mayai ya hawa?"

"Mimi," Dada akajibu. "Mawili kila siku. Si mlituambia tule mayai?"

"Tuliwaambia, na mayai ni chakula kizuri. Lakini si ya kuku wa hapa." Alivuta kigoda, akakaa. "Majivu ya kuni na majivu ya plastiki yanafanana rangi tu. Ganda la waya likiungua linazaa sumu ambazo hazikuwepo mwanzo. Moja inaitwa dioksini. Huwezi kuiona kwa macho."

"Mvua haiisafishi?" nikauliza.

"Inaisogeza tu. Ganda la ndizi likitupwa linaoza, linakwisha. Sumu hii haiozi upesi. Inakaa kwenye udongo miaka na miaka. Kuku anakula udongo na wadudu wa hapo. Sumu inakwenda kukaa kwenye mafuta ya mwili wake, halafu inatoka na kiini cha yai."

"Tukilichemsha sana?"

"Utapata yai lililoiva sana, lenye sumu ileile."

Dada alikuwa ananyonyesha. Aliuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu.

"Na nikilila?"

"Inakaa kwenye mafuta yako. Mwili hauitoi haraka. Kidogo cha leo kinalala juu ya kidogo cha jana. Ikizidi kwa miaka, inaweza kuleta saratani. Inaweza kudhoofisha kinga ya mwili. Inaweza kuharibu ukuaji wa mtoto, tangu akiwa tumboni."

"Kwenye maziwa yangu je?"

Mhudumu hakumdanganya. "Kiasi fulani hupita."

Dada alimtoa mtoto kwenye ziwa. Mtoto alishtuka, akapiga kelele, mdomo wake ukitafuta. Dada akajifunga nguo kifuani kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mrudishe," mhudumu alisema.

"Nimpe sumu kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Mrudishe, mwanangu, nikueleze. Maziwa yako yana kinga ambayo huwezi kuinunua dukani. Ukimnyima, hatari ya kuharisha na ya nimonia ipo mlangoni leo hii. Wataalamu wa afya wanasema mama aendelee kunyonyesha. Tunachokata ni sumu, si ziwa. Mayai haya yanakoma leo. Moto unakoma leo. Majivu hayaguswi tena."

Dada alisita. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Ndipo Dada akafungua nguo. Mtoto alishika ziwa kwa hasira, na sote tukamsikiliza anavyomeza.

Shemeji aliingia wakati huo, mzigo wa nyaya begani. Tulimweleza. Kwanza akafanya mzaha.

"Daktari, moshi huu nimeuvuta miaka tisa. Mbona nadunda?"

Akakohoa.

"Unadunda au unakohoa?" Dada aliuliza. Hakucheka.

Shemeji alitua mzigo. Alimtazama mtoto, akatazama viota. "Mayai yale nilikuwa nakuletea mwenyewe kitandani," alimwambia Dada. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akasema, "Basi tuwauze hawa kuku, tununue wengine."

"Tumuuzie nani?" Dada aliuliza. "Nani tunamchukia kiasi hicho?"

Shemeji aliinama.

"Wasiuzwe, wasiliwe," mhudumu alisema. "Nitamwita afisa wa mazingira wa halmashauri. Yeye ataelekeza watakavyoangamizwa. Lakini kuku si mwanzo wa jambo hili. Nani anakutuma uchome?"

Mnunuzi wa shaba tulimwita Bwana Sumaku, kwa sababu hakuachana na sumaku yake. Aliifunga kwa kamba, akaipitisha juu ya kila gunia kuona kama umechanganya chuma. Kesho yake Shemeji alikwenda kwake. Dada alimfunga mtoto mgongoni akafuata, na mimi nikafuata nyuma. Njiani Shemeji aliwaeleza wenzake sita wa kazi. Wote walikuja na magunia yao.

Yadi ya Bwana Sumaku ina ukuta mrefu, mweupe, uliopakwa rangi vizuri. Kwenye ukuta kuna maandishi mekundu. Shemeji alikuwa amepita hapo miaka tisa. Hajui kusoma.

"Shemeji," nilimwambia, "umewahi kuambiwa hapa pameandikwa nini?"

"Jina la yadi, si ndiyo?"

Nikamsomea kwa sauti: "Ni marufuku kuchoma waya ndani ya yadi hii. Moshi ni hatari kwa afya."

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Wenzake walisogea. Nikarudia mara ya tatu.

Yaani alijua! Huyu mtu alijua. Alijua vizuri mpaka akanunua rangi, akamlipa mwandishi. Afya aliyoilinda ilikuwa yake na ya karani wake. Yetu aliipeleka nyuma ya nyumba, karibu na jiko, karibu na mtoto.

Bwana Sumaku alitoka akizungusha sumaku yake.

"Mbona mmejaa kama mna msiba? Shusheni mizigo, lori linasubiri."

Hakuna aliyeshusha. Shemeji alikalia gunia lake. Wenzake nao wakakalia ya kwao, pale pale getini.

"Umeandika moshi ni hatari," Shemeji alisema.

"Ndiyo. Mimi sijamwambia mtu achome. Mimi nasema nataka shaba tupu, basi."

"Na ganda lilikuwa litoke vipi?" Dada aliuliza. "Tuliombe?"

"Mama, haya ni mambo ya kazi ya wanaume."

"Mwanangu anakunywa mambo hayo!" Dada aligeuka, mtoto akaonekana mgongoni. "Ukuta wako umeuandikia ilani. Mimi kifua changu nikiandikie nini?"

Bwana Sumaku alitazama pembeni. Karani wake, kijana mwenye kalamu sikioni, akaropoka: "Lakini bosi, si shaba ya waya uliomenywa kwa kisu ndiyo daraja la kwanza? Ya kuchoma inakuwa nyeusi, tunaipokea kama daraja la pili."

"Nani amekuuliza?" bosi alifoka.

Lakini neno lilishatoka. Mmoja wa wazee wa kazi alisimama. "Kwa hiyo tunakula moshi, halafu na bei tunakatwa?"

Lori lilipiga honi. Dereva alitaka kuondoka. Bwana Sumaku alizunguka, akatukana, akatazama lori. Watu saba juu ya magunia saba hawakuinuka. Mwishowe alikubali. Nyaya nene zitamenywa, na atazipokea kama daraja la kwanza. Nyaya nyembamba zisizomenyeka atazipokea na maganda yake, azipeleke kwenye kiwanda chenye mashine. Maganda yaliyomenywa atayachukua pia.

"Uandike," Dada alisema. "Kuandika unajua."

Karani aliandika. Nilisoma kila mstari kabla hawajashusha mzigo.

Sasa Shemeji ana ubao wenye kisu kilichobanwa katikati ya misumari miwili. Anavuta waya, ganda linapasuka, shaba inatoka inang'aa. Kazi ni ya polepole, na vidole vinauma. Anavaa glavu.

Mimi nilipewa kazi ngumu zaidi. Nilipita nyumba zote tulizouzia mayai, nikawaambia ukweli. Mama mmoja alinifungia mlango. Mwingine alinitukana. Sikumjibu, maana ningekuwa yeye ningetukana zaidi. Lakini mashimo mengine mawili ya kuchomea waya mtaani kwetu yalizimwa wiki hiyohiyo.

Afisa wa mazingira alikuja na wenzake. Walivaa buti, glavu na barakoa, ili kuchota kitu nilichokuwa nachota kwa mikono mitupu. Walichukua kuku, majivu, viota na udongo wa juu. Nilimuuliza kama sumu imekwisha.

"Imepungua. Chini zaidi bado ipo. Pazungushieni mabati. Msipande kitu, mtoto asicheze, msifuge kuku hapa."

Mtoto ana miezi saba sasa. Ananyonya, anakula uji, uzito wake unapanda. Dada anakula mayai ya kuku wanaofugwa mbali na mashimo. Dirisha la chumba liko wazi.

Shemeji alipomaliza kupigilia mabati, alikuja kwangu na kopo la rangi.

"Shemeji, nifundishe neno moja. Lile la hapa."

Nilimchorea mchangani: SUMU. Alilifuata kwa kidole mara nyingi. Kisha akaliandika mwenyewe kwenye bati, herufi kubwa kama sahani. Herufi ya M aliipa miguu minne. Nilitaka kuirekebisha, Dada akanishika mkono.

"Iache," alisema. "Inasomeka."

Alimwinua mtoto ili aione. Shemeji alikuwa ameshachovya brashi tena, anaandika upande wa pili.