Brashi ya Waya na Koo la Mama

Mume wangu ana jina la utani mtaani. Wanamwita Moto Unaua. Jina hilo kalipata kwa mdomo wake mwenyewe.

Kila Jumapili huchoma nyama uani. Hiyo ni kazi yake na haachii mtu. Huwasha mkaa, hufunga taulo kiunoni, huimba vibaya, na watoto humzunguka wakisubiri kuonjeshwa. Sina neno na hayo. Neno langu lilikuwa na wavu. Wavu ule wa chuma ambao nyama hulala juu yake haukujua sabuni tangu uingie nyumbani kwetu. Mafuta ya wiki hii yaliganda juu ya mafuta ya wiki iliyopita, na masizi yalikuwa mazito hadi nafasi nyingine zilikuwa zimeziba. Asubuhi moja nilikuta nyayo za panya kwenye mafuta yale.

Nilipomwonyesha, alicheka.

"Moto unaua, mama watoto. Hakuna mdudu anayepona juu ya mkaa. Halafu hayo mafuta ndiyo utamu wenyewe."

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, chumba cha mbele. Kwa kuwa nina watoto, kila jioni napitisha sumaku sakafuni, kona kwa kona, mpaka pini zote zinase. Mtu anayeishi hivyo, unamwambiaje kwamba mafuta yaliyolambwa na panya ni utamu? Nilikasirika, na sikuficha.

Basi mama yangu akaleta habari kwamba anakuja kula nasi Jumapili. Hapo nikamkalia mume wangu kooni. Nilimwambia mama hatakula juu ya uchafu ule, labda mimi niwe nimekufa. Tulizozana tangu jikoni hadi chumbani. Watoto walijifanya hawasikii. Siku yenyewe ya Jumapili, mkaa ukiwa tayari unawaka, nilimrudia tena. Akatoka akabamiza geti. Aliporudi alikuwa na brashi ya waya, mpya, ya bei ya chini, aliyoinunua kwa mtu aliyetandaza bidhaa zake chini barabarani.

"Unataka usafi?" alisema. "Leo utauona."

Akausugua wavu palepale juu ya moto, kwa hasira zote alizonazo. Masizi yaliruka. Jasho lilimtoka. Chuma kikaanza kung'aa, nami nikanyamaza, kwa sababu ndicho nilichokitaka. Alipomaliza, nyuzi za brashi zilikuwa zimelala upande mmoja na kuacha vipara. Hakuufuta wavu. Hakuuosha. Alitandaza nyama juu yake papo hapo na kuniangalia kama bondia aliyeshinda.

Mama alifika, akapakuliwa wa kwanza kama inavyostahili. Alikula kipande cha kwanza akakisifu. Kipande cha pili kilimfanya aache kutafuna. Aliweka mkono shingoni.

"Kuna kitu kimenichoma," alisema taratibu.

Mume wangu akasema ni mfupa. Nikamwambia nyama ilikuwa mnofu mtupu, nimeikata mwenyewe. Akasema basi ni gegedu, na dawa yake inajulikana: mama ameze tonge kubwa la mkate, lisukume kila kitu chini. Mama ni mtu wa heshima na mkwewe. Akachukua mkate. Alipojaribu kumeza, machozi yalimtoka.

Nilipaza sauti nikamwita jirani. Huyu jirani yetu ni nesi, ukuta wake na wetu ni mmoja, na ugomvi wetu wa wiki nzima alikuwa ameusikia wote. Alikuja na ndala za bafuni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumnyang'anya mama mkate.

"Usimeze kitu tena, Mama. Wala chakula, wala maji. Mate yakijaa, tema. Ukikisukuma kinazidi kuzama kwenye nyama ya koo."

Kisha akauliza nyama imechomwa juu ya nini. Macho yake yalifika kwenye brashi iliyoegemezwa ukutani. Aliiokota, akabana nyuzi chache kwa vidole viwili, akavuta. Zilitoka bila kubisha. Alimwonyesha mume wangu kiganja chake. Akaniambia nitafute gari, twende hospitali sasa hivi, na brashi niibebe.

Hospitali walipiga picha ya shingo. Daktari alituonyesha kijistari cheupe, chembamba, kimelala pale pasipotakiwa kuwa na kitu. Walimlaza mama usingizi wa dawa, wakaingiza kifaa kinywani na kukivuta nje kitu kile. Daktari alinipa kwenye kichupa. Nimeshika pini maisha yangu yote ya kazi, lakini ile ilikuwa nyembamba kuliko pini yangu yoyote. Unyuzi wa waya. Daktari alisema ungeshuka tumboni ungeweza kutoboa utumbo, na hapo tungekuwa tunaongea mengine.

Mume wangu alikuwa kwenye benchi la nje. Alikitazama kichupa akasema ni bahati mbaya.

"Bahati mbaya ni mvua kunyesha umeanika nguo," nilimwambia. "Wavu umeusugua kwa mikono yako miwili, kwa ajili ya kunikomoa mimi. Aliyelipa ni mama yangu."

Watu waligeuka. Nikawaacha wageuke.

Nyumbani sikuketi. Nilichukua kitambaa kilicholowa nikaufuta wavu wote, juu na chini. Kitambaa kilipokauka nikakikung'utia kwenye gazeti, nikapitisha sumaku yangu ya pini juu ya vumbi lile jeusi. Sumaku kwenye wavu wenyewe isingefaa, maana ni chuma na ingenata hapohapo. Ilipoinuka kutoka kwenye gazeti ilikuwa na ndevu. Nyuzi nyingi, zimesimama. Niliiweka kwenye sahani ya mume wangu, mbele yake, mezani. Sahani hiyohiyo watoto wetu huwa wanadokoa.

Alizitazama. Kisha akainuka, akaikata brashi vipande na kuifunga ndani ya boksi gumu, mtu mwingine asije akaiokota. Hakusema moto unaua.

Mama alipona. Lakini alisema jambo, na alilisema kwa upole, ndiyo maana liliuma.

"Nitakuja kuwaona wajukuu zangu, mwanangu. Kula kwako, hapana."

Alimwambia mume wangu, lakini nyumba ni yangu pia. Binti ambaye mama yake hali chakula kwake, ana nyumba gani? Kila alipokuja alibeba chupa yake ya chai na andazi kwenye mkoba. Kila alipofungua ule mkoba nilimkasirikia mume wangu upya.

Mume wangu mwenyewe ndiye aliyebisha hodi kwa nesi. Alimwambia amfundishe kuutunza wavu. Nesi akamjibu kwamba hafundishi mtu anayejua kila kitu. Mume wangu akasema hajui kitu. Ndipo nesi akaja uani kwetu, akavuta kigoda.

"Tuanze na msemo wako," nesi alisema. "Moto unaua vijidudu, sawa. Hauondoi uchafu. Mafuta ya zamani yanaoza, yanaita panya na mende, na siku yakishika moto yanawaka mpaka usoni kwako. Na moto hauui waya."

Kisha akaingia kwenye kazi yenyewe. Alimwambia kabla ya kuchoma aache wavu juu ya mkaa upate moto sana, mafuta yakauke na kuwa majivu. Hapo ayaparue kwa kipande cha ubao mgumu kilichochongwa bapa. Ubao ukikosekana, akunje karatasi ya foili, ile ya kufungia chakula, iwe donge na kuishika kwa koleo refu. Baada ya hapo afute kwa kitambaa chenye unyevu, akikishika kwa koleo hilohilo, kisha apake mafuta kidogo ya kupikia ili nyama isinate. Na kabla nyama haijagusa chuma, auangalie wavu kwa macho yake, upande wa juu na wa chini.

Mume wangu aliuliza kama anaweza kuumwagia maji baridi ukiwa bado wa moto, maana alishazoea. Nesi alimkata jicho. Akasema mvuke utamuunguza mikono na chuma kinaweza kupasuka. Wavu huachwa upoe. Ukishapoa, ulowekwe kwenye beseni la maji ya moto na sabuni mpaka masizi yalainike, usuguliwe kwa sponji, usuuzwe, ukaushwe vizuri usishike kutu, na ufunikwe panya asiuguse.

Nami nilikuwa na swali. Nilitaka kujua kama sumaku yangu inatosha kama ulinzi. Alitikisa kichwa. Nyuzi nyingine ni za shaba, alisema, na sumaku haishiki shaba. Dawa ni kutoingiza brashi ya waya jikoni kabisa. Hata waya wa kusugulia sufuria usiguse wavu.

Siku ile ile mume wangu aliloweka wavu. Maji ya kwanza yalikuwa meusi tii. Akayamwaga, akaloweka tena. Alisugua akiwa amepiga magoti, bila kuimba. Mimi nilikuwa dirishani nashona, na sikwenda kumsaidia. Wavu ule uligeuka rangi. Kumbe ulikuwa wa kijivu.

Jumapili iliyofuata mama alikuja na mkoba wake. Mume wangu aliparua wavu kwa ubao mbele ya macho yake, akaufuta, akaupaka mafuta, akauinua ili auone. Mama akainama akauchungulia juu na chini. Nyama ilipoiva aliletewa sahani kwa mikono miwili.

"Lete sumaku," mama akaniambia.

Nilijua haitoshi, lakini nikaileta. Aliipitisha juu ya nyama taratibu, akaigeuza, akaitazama. Ilikuwa tupu. Kisha akakichana kipande kwa vidole, nyuzi kwa nyuzi. Mume wangu alikuwa amesimama na mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mama akatia kipande mdomoni, akatafuna sana. Sote tulimtazama koo. Likashuka, likapanda.

"Chumvi," alisema mama. "Imepungua."

Mume wangu alitoka mbio kwenda kuileta, taulo likamdondoka njiani. Mama akausukuma mkoba wake chini ya kiti kwa mguu. Mimi nilikuwa bado na hasira na mume wangu. Nilimwacha akimbie.