Nywele za Kidoti Siku ya Kipimo

"Utampelekaje mtoto kwa daktari na nywele timutimu, kama hana kwao?" jirani yangu, msusi, aliniuliza.

Swali lile lilinichoma. Mjukuu wangu Kidoti ana kifafa. Tangu aangukie jiko, alikuwa hatoki mlangoni bila kushikwa mkono. Kipimo cha ubongo tulikingoja miezi mitatu.

"Haya, msuke," nikasema. Msusi akampaka mafuta, akambana misuko mpaka macho yakavutika.

Hospitalini, tulikoenda pamoja na msusi, fundi wa kipimo alishika kichwa cha Kidoti, akatazama mafuta vidoleni mwake.

"Bibi, karatasi ya maelekezo mliisoma?"

"Ilisema aoshwe nywele. Tumemwosha, ndipo tukampaka mafuta."

"Ilisema pia asipakwe kitu. Waya zitateleza. Na misuko imeziba sehemu zangu."

"Sehemu gani?"

Akavuta utepe wa kupimia. "Napima kutoka juu ya pua hadi kisogoni, kisha sikio hadi sikio. Kila waya ina mahali pake. Vyama vya wataalamu wa kipimo hiki vya nchi nyingi vimeungana kuwa shirikisho moja, vikakubaliana mahali hapo. Daktari yeyote, popote, akisoma mistari ya mashine anajua imetoka upande gani wa ubongo. Nikibandika ovyo, tutamdanganya daktari."

"Na huo umeme hautamnyonya akili?" msusi akadakia.

"Mashine haimtii umeme, mama. Inasikiliza tu ule wa ubongo wake. Lakini saa sita naanza mgonjwa mwingine."

Ilikuwa saa nne na nusu. Tukakaa kwenye benchi, tukaanza kufumua. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, jicho kwenye saa ya ukutani.

"Shangazi, jana ulisema misuko hii itakaa mwezi," Kidoti akasema.

"Nyamaza, nisije nikafumua na sikio!" msusi akajibu, jasho likimtoka.

Tukamwosha kwa sabuni mara mbili, bila mafuta. Saa tano na robo waya zilikuwa kichwani.

Mistari ilichafuka upande wa kushoto, juu ya sikio. Daktari akasema kifafa kinaanzia hapo, akambadilishia dawa, akatuonya tusiruke hata siku moja.

Miezi miwili ikapita, hakuanguka. Daktari akasema sasa anaweza kwenda shule mwenyewe. Mimi usingizi ukanipaa.

Asubuhi Kidoti akasimama mlangoni, nywele fupi, mkoba begani.

"Dawa umemeza?"

"Nimemeza, Bibi."

"Nikusindikize mpaka kona tu?"

Akatikisa kichwa kukataa, akatabasamu, akatoka peke yake.