Posa ya Haramia

Siku mwigizaji mmoja wa kike alipokutana na fundi viatu, soko la viatu lilikuwa limefurika watu, naye mwigizaji alikuwa kavaa kiharamia: koti jekundu la kufika magotini, mkanda mpana, kitambaa cheusi cha jicho kakipandisha kwenye paji la uso, na buti moja mkononi. Kisigino cha buti kilikuwa kimeng'oka katikati ya kupiga picha za tamthilia.

"Fundi, nina dakika kumi tu."

Fundi viatu akamtazama juu hadi chini. "Nikichelewa utanitosa baharini?"

"Nitaanza na masikio."

"Keti, Nahodha. Masikio nayahitaji, nikusikie ukinipigia simu."

Na simu akapiga, jioni ileile! Miezi minane wakapendana, mji mzima ukajua. Kila mchana fundi alimpigia: "Umeteka wangapi leo?" Naye humjibu: "Watatu, laazizi. Wa nne wewe."

Kikwazo kilikuwa mama yake fundi. "Mwanamke anashinda akichinja watu kwenye televisheni, mtaa mzima unatazama! Mkwe wangu haramia? Uso wangu nitauweka wapi?"

Lakini Nahodha alikuwa ameigiza miaka sita kama mtumishi anayeleta chai na kutoka. Nafasi hii aliitolea jasho, naye alimwambia fundi wazi kwamba kazi haachi ng'o.

Basi Alhamisi moja fundi akaenda kumtazama kazini. Akamkuta Nahodha anachomwa upanga, anaanguka kwenye sitaha ya mbao, anakufa, watu wanapiga makofi. Asimuulize mtu! Akatoka mbio na kumpigia mama yake: "Mama, haramia amekufa! Kazi imekwisha!" Kufika kesho yake, mashangazi wawili walikuwa wameshachagua siku ya posa.

Nahodha akapiga simu. "Mama yako ananishukuru kwa kuacha. Nimeacha nini?"

"Si nilikuona ukifa?"

"Wee! Ule ndio mwisho wa hadithi. Tumeutanguliza kwa sababu ukumbi wenye meli tuliupata wiki hii tu. Bado nina vipindi ishirini vya kuigiza, mzima wa afya!"

Fundi akashusha sauti. "Basi tuwaache waamini hivyohivyo, mpaka harusi ipite?"

"Kumbe kifo changu kilikufurahisha."

"Sikusema hivyo, mpenzi..."

Nahodha akamkatia simu. Alilia, tena kwa kwikwi, mpaka kope za bandia zikamdondokea mapajani. Wiki mbili fundi alipiga, asipokee. Alimpenda, ndiyo, ila hakutaka kuolewa kama marehemu.

Jumapili ya posa Nahodha hakungoja wageni waje kwao kumposa. Alivaa koti jekundu na buti, akaenda mwenyewe kubisha hodi kwa mama yake fundi. Mashangazi walikuwa sebuleni, tayari kwa safari ya posa, fundi kajikunyata pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba... Yallah! Umevaa nini?"

"Kazi yangu, mama. Mwanao alikudanganya kwa kutojua, kisha akataka nami nikudanganye kwa kujua. Siwezi. Sijaacha, na kesho nateka tena. Nampenda mwanao mno. Lakini nikiingia nyumba hii, naingia na koti langu."

"Makubwa!" shangazi mmoja akaguta. "Mwanamke anajiposea!"

"Ndiyo, shangazi. Nimekuja kuposa. Fundi, unasemaje?"

Mama akamgeukia mwanawe. "Mwambie atoke!"

Fundi akainuka. "Nilifurahi alipokufa, mama, kwa sababu nilikuogopa wewe na majirani. Nimeona aibu." Akaenda kusimama ubavuni mwa Nahodha. "Nimekubali posa."

"Basi harusini siji!"

"Kiti chako kitakuwa mbele, mama," fundi akasema. " Hakuna atakayekikalia."

Wakatoka wameshikana mikono. Nje, majirani walikuwa wametanda madirishani, wengine wamepanda viti. Nahodha alihisi vidole vya fundi vikilegea. Kisha vidole vikambana kwa nguvu, na yule mtu aliyeogopa macho ya mtaa maisha yake yote akapaza sauti:

"Mchumba wangu huyu! Haramia! Mtazameni vizuri!"