Chungu cha Yahye

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Fathia alichota kata moja ya maji na kuumwagia mchanga. Mchanga huo ulikuwa kati ya vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, vilivyowekwa kivulini karibu na mlango. Ndani ya chungu kidogo ilikaa chupa ya insulini ya mdogo wake, Yahye, aliyekuwa na kisukari tangu akiwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na saba. Nyumba yao haikuwa na friji, na jua la Isiolo halina mzaha. Mama yao, Faduma, alimdunga Yahye sindano asubuhi na jioni. Kuulowesha mchanga ilikuwa kazi ya Fathia.

"Iwe baridi, isiwe barafu," Sista Nkirote wa zahanati alikuwa amewaambia siku alipowafundisha kutumia vyungu hivyo.

Mwaka ule wa korona shule zilifungwa. Fathia na jirani yake Hibo, wote wa darasa la sita, walisomea uani kwa kuwa kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja. Siku moja Hibo alishusha barakoa yake na kunyoosha kidole.

"Hicho chungu ni cha nini? Kwenu mnaficha dawa ya mganga?"

"Ni cha maji tu."

"Na huyo ndugu yako mbona anadungwa sindano kila siku? Watu wanasema hapa kuna korona. Hata mama amenikataza kukaa karibu naye."

Fathia alihisi uso ukimwaka. "Huyo si ndugu yangu," alisema haraka. "Ni mtoto wa watu wa Kulamawe. Ameletwa tu akae kidogo."

Pazia la mlango lilitikisika. Yahye alikuwa amesimama pale. Alimtazama dada yake, kisha akarudi ndani.

Mama aliuza maziwa ya ngamia. Yalifika kwa gari kutoka Kulamawe, naye na wanawake wenzake waliyagandisha katika friza kubwa sokoni kabla ya kuyasafirisha Nairobi. Jioni ile, Yahye alipokwisha kudungwa, Fathia alitumwa kupeleka mtungi wa mwisho. Alibeba pia ile chupa ya insulini, ameifunga kwenye leso. Kama chungu kinaitunza, friza itaitunza zaidi, alijiambia. Na Hibo hatauliza tena. Vyungu akavificha nyuma ya jiko.

Alfajiri alikimbia kuichukua. Chupa ilikuwa ngumu kama jiwe. Hapo ndipo maneno ya Sista Nkirote yalipomrudia. Aliitumbukiza chupa katika kikombe cha maji ya moto hadi dawa ikayeyuka, ikawa safi kama kawaida. Akavirudisha vyungu mahali pake. Mama alipochukua sindano, Fathia alitazama pembeni.

Siku ile Yahye alikunywa maji mpaka mama akashangaa. Siku ya pili alitapika, akawa anahema kama aliyekimbia mbio. Pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. "Ni korona," majirani walinong'ona ng'ambo ya ua. Fathia alifungua kinywa mara tatu, na mara tatu akakifunga.

Mama alimbeba Yahye mgongoni hadi zahanati. Fathia aliachwa nje, lakini kupitia dirishani aliona na kusikia kila kitu. Sista Nkirote, amejifunika uso hadi macho, alimpima Yahye sukari na kutikisa kichwa.

"Mama Fathia, usinifiche. Uliacha kumdunga lini?"

"Wallahi, sista, sijaacha hata siku moja! Dawa hii hapa."

"Sukari yake haisemi hivyo."

Mama aliinama. Fathia hakuwahi kumwona mama yake akiitwa mwongo.

"Ya kwetu imekwisha, gari la dawa limechelewa," sista aliendelea. "Lete hiyo yako. Nitampa nyingi zaidi."

"Msimdunge hiyo!" Fathia alipiga kelele, ameshika nondo za dirisha. "Imekufa! Niliiweka kwenye friza ya maziwa ikaganda. Hooyo, mama yangu, nilijua, nikanyamaza!"

Mama aligeuka. Sista Nkirote aliitupa chupa, akashika simu na kuita gari la wagonjwa. Muda mfupi baadaye Yahye alikuwa njiani kwenda hospitali kubwa, kulikokuwa na insulini nzima.

Alirudi na mama baada ya siku nne, wakiwa na chupa mpya ya insulini; alikuwa amekonda, lakini akidai chakula. Alimkuta Fathia akiumwagia mchanga maji.

"Abaayo," alimwita dada yake, "mimi mtoto wa watu wa Kulamawe naomba chai bila sukari."

Fathia alijaribu kucheka, akalia. "Nisamehe, Yahye."

Mama alikaa kando yake. "Kugandisha dawa kulitokana na kutojali maneno ya sista, na hilo utajifunza. Lakini zile siku mbili ulikuwa unajua, mwanangu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Na ugonjwa wa ndugu yako si aibu ya nyumba hii. Aibu ni kumkana."

Wakati huo Hibo alichungulia langoni, kitabu cha hesabu mkononi. "Fathia! Yule mtoto wa Kulamawe amepona?"

Fathia alijifuta macho. Alikisogeza chungu mbele ya mlango, mahali ambapo kila apitaye angekiona.

"Ni ndugu yangu, Hibo. Anaitwa Yahye, ana kisukari, na kisukari hakiambukizi. Ingia, nikuonyeshe tunavyotunza dawa yake."