Kona ya Njegere

Kithamini, ile mashine ya kukadiria bei za magari, kilipokuwa kazini, hakuna aliyeongea. Mikono yake myembamba ya chuma ilishuka kutoka darini ikaanza kulipapasa gari, taratibu, kama daktari anavyopapasa tumbo la mgonjwa. Mkono mmoja ulinusa betri. Mwingine uligonga mlango ukasikiliza mlio wake, maana mlango uliowahi kunyooshwa haulii sawa na ule uliotoka kiwandani haujaguswa. Wa tatu ulijichomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani, ukasoma kila kona ambayo gari hilo limewahi kukata tangu siku ya kwanza lilipotia gurudumu barabarani. Kisha ukuta mzima wa yadi ukawaka na bei ikatokea, kubwa, kila mtu aione.

Tweve, mwenye yadi, akashika kiuno.

"Injinia, hiyo ni bei ya gari au ya baiskeli?"

Injinia Subilaga Mwasomola hakucheka. Alikuwa mthamini wa magari ya mbio kwa miaka mingi, na alishaona wanaume wazima wakilia mbele ya ukuta ule. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kwamba walichokipenda hakina bei tena. Jioni alirudi Uyole, ghorofa ya juu kabisa, ambako jiko lake lilimuuliza kila siku kwa sauti ya upole, "Chakula cha mtu mmoja?" Naye alijibu ndiyo, kila siku.

Wakati huo jiji la Mbeya lilikuwa limeshapanda milima. Barabara ya Chunya, ile inayopita juu mawinguni, ilikuwa imepanuliwa na kulainishwa, na matajiri walikuja kutoka Lusaka, Lilongwe na Dodoma kushindanisha magari yao kwenye ukungu. Gari walilolipenda kuliko yote liliitwa Kipanga.

Kipanga ya kwanza ilikunywa mafuta. Ukitaka kuiona nenda makumbusho. Ya pili ilikuwa ya umeme, lakini bado ilisubiri mtu aikanyage. Ya tatu ndiyo iliyokuja na akili ya usukani. Hiyo ilifundishwa kuendesha na mtu mmoja, dereva halisi mwenye jasho, aliyepanda na kushuka mlima ule kwa miaka mitatu huku mashine ikiitazama mikono yake, miguu yake, hata macho yake yanapoangalia. Ya nne ilifundishwa na mashine wenzake, ndani ya kompyuta, bila kuona tope. Na kila kizazi kipya kilipotoka, kilichotangulia kiliporomoka bei asubuhi hiyohiyo, hata kama gari lenyewe lilikuwa limelala gereji halijamkosea mtu. Gari la mbio, ndugu yangu, linazeeka likiwa limesimama.

Sasa Kipanga ya tano ilikuwa mlangoni, mwezi mmoja tu itoke. Ya nne ilikuwa imeshaanza kuteremka. Lakini ya tatu haikuteremka, ilianguka, na sababu haikuwa umri. Ilikuwa na kasoro.

Kila Kipanga ya tatu, iwe ya nani, iwe ya rangi gani, ikipanda barabara ya Chunya na kufika kwenye kona moja ya kushoto, ilipunguza mwendo yenyewe. Ikasogea katikati ya barabara, polepole, kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mtoto aliyelala. Halafu ikaondoka kwa kasi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapakuwa na shimo pale, wala tuta, wala nyumba. Lami tupu. Kwenye mashindano ilikuwa aibu: Kipanga za nne zilikuwa zinasubiri kona hiyo zipite zikipiga honi.

"Inaiogopa kona kama bwana harusi anavyoogopa wakwe," alisema Tweve. "Andika kasoro, Injinia. Neno moja tu. Kiwanda kitaifuta tabia hiyo kwa mawimbi, usiku mmoja, gari zote popote zilipo. Bei ipande, na mimi nipumue. Yadi yangu imejaa Kipanga za tatu, zimenikodolea macho kama ng'ombe wa kiangazi."

Sheria ilikuwa hivyo. Mashine inapima, lakini mtu ndiye anayetia saini. Akiandika "kasoro", inafutwa. Akiandika "tabia", inabaki, na hasara ibaki na mwenye gari.

"Kwanza nipande nayo," alisema Subilaga.

"Upande ukaone nini? Kona ni kona."

"Tweve, nimewahi kutia saini kitu ambacho sijakikalia?"

Tweve akamrushia ufunguo.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Gari lilipanda likinguruma chinichini, usukani ukijigeuza mbele yake, na Subilaga alikaa amefunga mikono. Alishapanda magari mengi yenye akili ya usukani. Ya nne iliendesha kama hesabu iliyopata jibu. Hii iliendesha tofauti. Ilipanua kona kidogo kabla ya kuikata, ikavuta pumzi kwenye kilele, ikashuka kwa raha. Ungesema kuna mtu.

Ndipo kona ile ikafika. Gari likalegea. Likasogea katikati, likapita taratibu sana, na Subilaga, ambaye hakuwa mtu wa kusisimka ovyo, alijikuta amefungua mikono aliyokuwa ameifunga. Hakujua kwa nini. Ilikuwa muda mrefu tangu kitu chochote kipunguze mwendo kwa heshima ya mtu akiwa karibu.

Akatazama kushoto. Ukingoni mwa barabara, juu ya kigoda, alikaa mzee mwenye koti refu la mvua. Mzee aliinua mkono.

"Simama," Subilaga aliliambia gari.

Akashuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama umetumwa na jiji, waambie sihami. Hiki ni kigoda, si kibanda. Kigoda hakihitaji kibali."

"Sijatumwa na jiji. Mimi napima magari."

"Basi pima upesi, umeziba njia."

Subilaga akalisogeza gari, akarudi. Mzee akamtazama kuanzia viatu hadi kilemba.

"Bado upo?"

"Unafanya nini hapa, baba?"

"Nasalimiwa," alisema mzee.

Kipanga nyingine ya tatu ikatokea kwenye ukungu, ya bluu, tajiri fulani amelala ndani mdomo wazi. Ikalegea, ikasogea, ikapita. Mzee akainua mkono.

"Unaona? Mwenyewe hajui. Amelala kama gunia. Lakini gari lina adabu."

"Lilizipata wapi adabu hizo?"

"Kwangu," alisema mzee, bila majivuno, kama mtu anayetaja mtaa anaokaa. "Mimi ndiye Ambilikile. Mimi ndiye niliyezifundisha."

Subilaga akachuchumaa karibu naye. Mzee Ambilikile alisimulia huku anaangalia barabara, asikose gari.

"Wiki ya kwanza ya kazi, masika, hapa palikuwa na dimbwi. Nikapita kama mwehu, si nilikuwa dereva wa mashindano? Pembeni alikuwepo mwanamke anauza njegere. Nikamrushia tope lote, yeye na sinia lake. Narudi kushuka, namkuta amesimama katikati ya barabara. Hakutukana. Alinipa sinia. 'Osha zote.' Nikaosha, mwanangu, njegere mojamoja, nimevaa helmeti ya mamilioni, na wahandisi wananiona kwenye kamera zao wanacheka mpaka wanakohoa."

"Alikuwa nani?"

"Sekela. Mke wangu. Yaani alikuja kuwa mke wangu. Hata baada ya kumuoa aliendelea kuuza hapa, hakutaka kukaa nyumbani kunisubiri. Wahandisi wakaniuliza, mbona kwenye kona hii unapunguza? Nikawaambia sipunguzi. Tukabishana kweli. Dimbwi lilishazibwa, nilidhani napita kama kawaida. Kumbe mguu una mambo yake, haukuniambia."

Gari likapita. Hilo lilikuwa Kipanga ya nne. Halikulegea, upepo wake ukamvua kofia. Subilaga akaiokota.

"Alifariki masika ya mwaka juzi," alisema mzee. "Watu wa msibani walikaa siku tatu, wakala, wakaondoka. Siwalaumu. Nikaja hapa kuchukua kigoda chake, nikaona gari limekuja, likamkwepa. Hayupo, lakini likamkwepa. Nikaketi. Mwanangu, hizi gari bado hazijamaliza matanga. Ndiyo maana nakaa nazo."

Subilaga alikuwa mkweli kiasi cha kujiponza. Akamweleza yote: kasoro, tabia, saini, kufutwa.

"Zote?" aliuliza mzee.

"Zote, usiku mmoja."

"Na kalamu unayo wewe?"

"Ninayo mimi."

Mzee akaivaa kofia yake vizuri. Hakuomba. "Ndaga, asante kwa kuniambia," alisema, akageuka kutazama barabara.

Ingekuwa heri kama angeomba. Subilaga alishuka mlima akiwaza wenye magari, maana nao walikuwa watu, wengine wameweka akiba yao yote kwenye chuma kile. Lakini akili yake ilikataa kuandika kasoro. Kasoro ni kitu kilichoharibika. Hiki hakikuharibika, pengine kilikuwa kitu pekee kizima katika gari lote.

Alirudi yadini, akasimama mbele ya kithamini, akasema kwa sauti ili kirekodi: "Si kasoro. Ni tabia. Gari lilifundishwa na mtu kumpisha mtu anayempenda. Isifutwe." Akatia saini.

Tweve akakaa chini, palepale kwenye sakafu. "Umeniua, Injinia. Na ulikuwa unakunywa chai kwangu!"

Ukuta ukazimika. Kithamini kilikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida, mikono yake imening'inia. Kilikuwa kinatafuta. Kilipekua masoko yote ya dunia, kila gari linalojiendesha, kikiuliza swali moja: kuna jingine kama hili? Hakikupata. Ya nne haikuwa na mtu ndani yake. Ya tano haingekuwa naye. Kiwanda kisingeweza kulitengeneza tena hata kikitaka, kwa kuwa mwanamke yule hayupo na kona ile haina tope. Basi kikaiondoa Kipanga ya tatu kwenye orodha ya magari yaliyotumika, kikaiweka kwenye orodha ya vitu adimu. Ukuta ukawaka. Bei ikaanza kupanda, ikapanda, Tweve akainuka nayo taratibu kama vile ameshikwa kola.

"Injinia," alinong'ona, "nakuchinjia mbuzi. Nini mbuzi! Nakuchinjia ng'ombe."

Ndani ya wiki chache wanunuzi walikuja kutoka nchi ambazo Subilaga hakuwahi kuzisikia. Yadi ya Tweve ikabaki wazi. Watu wa jiji, wenye nacho na wasio nacho, waliuza Kipanga zao za tatu wakashangaa bahati yao. Subilaga alilala usingizi mzuri siku zile. Alijua ameandika ukweli, na safari hii ukweli umelipa.

Kipanga ya tano ilipozinduliwa, alipanda mlima kumpa mzee habari. Alikodi gari la jiji, ambalo lilipitiliza kona, ikabidi aliambie lirudi nyuma.

Mzee Ambilikile alikuwa juu ya kigoda chake. Magari yalipita, mapya, yanang'aa, moja baada ya jingine, kwa kasi ileile. Hakuinua mkono hata mara moja.

"Umezifuta," alisema, kabla ya salamu.

"Hapana, baba. Sikuzifuta. Niliandika ulivyoniambia."

"Basi ziko wapi?"

Subilaga alifungua mdomo kujibu, na hapo ndipo alipoelewa, akiwa amesimama pale, jibu liko ulimini. Gari adimu haliendeshwi. Kila kilomita inalipunguzia bei. Zote zilikuwa ndani ya maghala ya baridi, nyingine ng'ambo, nyingi Dodoma, zimefungwa vitambaa, magurudumu hayagusi sakafu. Ndani ya kila moja tabia ilikuwepo, nzima, imehifadhiwa vizuri kabisa.

Alimweleza. Hakuficha hata neno.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Ungezifuta," alisema polepole, "leo ningekuwa na mtu wa kumchukia."

"Nisamehe, baba."

"Kwa lipi? Hukukosea."

Gari likapita, wote wawili wakashika kofia na kilemba.

"Ninaweza kukupeleka Dodoma," alisema Subilaga. "Nina kibali cha kuingia ghalani. Utaziona. Utazigusa ukitaka."

Mzee alifikiri sana. Alionekana kama mtu aliyekwisha kukubali, hata akaanza kunyanyuka kwenye kigoda, kisha akasita.

"Humo ndani," aliuliza, "kuna kona?"

"Hakuna, baba. Zimepangwa mstari mmoja."

Akaketi.